U.M. Kikombe Kimoja

Jumatatu, 3 Machi

Dada alikuja jana na mizani. Ile ya kupimia watu. Kaibeba kwenye mfuko wa kitambaa kama mtu anayeleta zawadi. Alikuwa nesi miaka thelathini na mmoja. Yeye kastaafu, mizani bado iko kazini. Baba akapandishwa juu yake na kandambili zake. Kilo hamsini na moja! Mama alipokuwa hai Baba alikuwa na sitini na nane, na vifungo vya shati vilikuwa vinaomba msaada.

Hukumu ikasomwa palepale sebuleni. Dada atarudi Jumapili ya tarehe 16. Akikuta Baba hajafika hamsini na tatu, anamchukua akaishi kwake. Nikamwambia kwake Baba ni hapa. Akanijibu kwamba mimi ni fundi wa vyerehani, na Baba si cherehani. Nina miaka arobaini na saba, lakini mimi ndiye kitinda mimba, na huyo dada akinikazia macho najiona nimevaa kaptula.

Niseme kweli, maana hapa hasomi mtu. Naogopa. Mama alitutoka Januari ya mwaka jana. Baba naye akiondoka, nitabaki na vyerehani kumi na vinne vya watu, na hakuna hata kimoja kitakachoniuliza nimeamkaje.

Daktari kasema protini. Baba kasema hana hamu. Yai anasukuma. Nyama anasukuma. Samaki anamtazama kama waligombana zamani. Leo mchana tu, akichungulia dirishani, akasema labda angekula ule mkate wa ndizi wa marehemu mama yenu. Kisha akafunga pazia.

Lakini mimi nimesikia! Nitaoka mkate wa Mama, na ndani yake nitaficha protini ya kunenepesha fahali. Baba asijue. Dada atakoma.

Jumanne, 4 Machi

Nimelipata daftari la mapishi la Mama, chini ya vitambaa vya meza. Nililifungua nikalifunga. Nikalifungua tena. Mwandiko wake umelala upande kama anayesikiliza maneno ya jirani. Kuna ukurasa umeganda kwa mafuta na alama ya kidole gumba. Nikaweka kidole changu juu yake. Chake kilikuwa kidogo, sikuwahi kujua.

Mkate wa ndizi uko ukurasa huo. Ndizi nne zilizoiva hasa. Mayai mawili. Mafuta nusu kikombe. Sukari kiasi. Bekin pauda kijiko kimoja. Unga wa ngano kikombe kimoja. Halafu: "U.M. kikombe kimoja." Na pembeni, kwa wino mwingine: "Kitinda asijue."

Kitinda ni mimi! Bila shaka alikuwa ananiandalia kwa siri, anifurahishe nikitoka shule. Nimeguswa sana. Dada hajaandikwa popote.

Na U.M. ni nini? Unga wa mahindi, jamani. Hata mtoto anajua.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda kwa jirani yetu, mwalimu wa mazoezi. Mtaa mzima unamwita Kifua, kwa sababu kifua chake huingia mlangoni kabla yake. Ana unga wa protini kwenye kopo kubwa kama ndoo. Kaniambia vijiko viwili vinamtosha mtu mzima. Kanipa kopo zima lililobaki nusu, na akanitazama mikono kwa huruma.

Vijiko viwili? Mimi nina siku kumi na moja. Nikaweka vinane.

Oveni ya Mama bado inawaka, ila mlango haushiki mpaka uegemezwe kiti. Nikaegemeza kiti, nikakaa juu yake. Baada ya saa moja nikautoa mkate. Ulikuwa umenyooka. Ulikuwa na pembe. Nilipouweka mezani, meza ilisikika.

Baba akautazama mkate, akaugonga kwa kidole mara tatu, akasema hodi.

Kisha akasukuma sahani, akaenda kulala. Nimejaribu kuukata kwa msumeno mdogo wa karakana. Haitasemwa kwamba sikujaribu.

Jumamosi, 8 Machi

Nimefikiri upya. U.M. ni unga wa muhogo! Mahindi yalikuwa ujinga wangu.

Wa leo umevutika. Nimevuta kipande, kikavutika, nikarudi nyuma hatua mbili, bado kimeshikilia. Tena rangi yake nyeusi, maana sikusoma kopo vizuri. Kumbe ni protini ya chokoleti. Baba kaonja kwa ncha ya ulimi. Kasema marehemu hakuwahi kupika ndala.

Dada kapiga simu katikati ya msiba huo. Kasema chumba cha Baba kwake kiko tayari, pazia limeshatundikwa. Nikamwambia Baba anakula vizuri mno, tena mkate wa Mama. Akacheka kwa pua. Akasema mkate wa Mama ulikuwa wa Jumamosi. Nikasema ulikuwa wa Jumatano! Akasema ulikuwa mlaini. Nikasema pembeni ulikuwa mgumu kidogo, na ni mimi niliyekuwa napewa ile pembe. Akasema kila mtu alikuwa anapewa pembe, mkate una pembe nne. Sikujua hilo. Miaka yote nilidhani pembe ilikuwa yangu peke yangu.

Baada ya simu nimekaa jikoni muda mrefu. Nimekumbuka alivyokuwa anaufunika kwa taulo la bluu, na sisi tunakatazwa kuchungulia, na mvuke unauchongea kwa pua zetu.

Jumatatu, 10 Machi

Uchokozi! Dada katuma mkate wa ndizi. Kasema kaoka mwenyewe. Nimeugeuza chini nikaona karatasi yenye pindo za mashine. Mimi na pindo ni ndugu, hanidanganyi mtu. Huo ni wa dukani.

Baba kala nusu kipande. Nusu kipande kizima! Kwa adabu tu, lakini kala. Wivu ulinipanda hadi masikioni. Baba alipolala mchana nikachukua hatua. Nikaula wote uliobaki.

Nilipolamba makombo ndipo akili ilipofika. Nimemnyang'anya chakula mgonjwa ninayemnenepesha. Baba alipoamka akauliza mkate uko wapi. Nikasema umeharibika. Akaniangalia kidevu, akaniambia nifute uharibifu huo.

Jumatano, 12 Machi

Siku nne zimebaki. Mkanda wa Baba umesogea tundu moja ndani. Nimeliona leo anavaa, nikajifanya natafuta sindano.

Nimejaribu unga wa mtama. Umemeguka kama ukuta wa zamani. Nimejaribu wa mchele. Umelala chini kama tambara. Nimejaribu maziwa ya unga, nusu ukaungua na nusu ukabaki uji. Nani aliyeigawa lugha hii? Mahindi, muhogo, mtama, mchele, mawele, maziwa, wote wamejazana kwenye M kama hakuna herufi nyingine! Ulezi peke yake ndio uliojiheshimu.

Kumuuliza Baba siwezi. Nikimuuliza atajua kuna kitu nimekitia kwenye mkate. Mkakati utavunjika.

Basi nimepiga magoti mbele ya oveni, unga hadi kwenye nyusi, natukana herufi. Nikasikia fimbo. Baba kaja mwenyewe jikoni. Hajaingia humo tangu msiba. Akavuta kigoda, akakaa, akaomba daftari. Akausoma ukurasa. Mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani analia, nikakimbilia maji. Alikuwa anacheka! Kacheka mpaka kikohozi kikamshika, kakohoa, kacheka tena.

U.M. ni unga wa maharage.

Nikasema haiwezekani. Mimi sili maharage. Hili linajulikana hadi kwa wakwe wa Dada. Nilipokuwa na miaka saba mwalimu alitupandishia haragwe kwenye kopo, juu ya pamba mbichi. Baada ya siku tatu likatoa mkia. Nikapiga hesabu zangu: tumboni nako ni kubichi. Toka siku ile sijagusa.

Baba akasema ndiyo hiyohiyo. Nilikataa maharage, na nyama ilikuwa ya kuonekana kwa nadra, nikakonda nikabaki masikio. Mama akakosa usingizi. Ndipo akabuni mkate. Baba ndiye aliyekuwa anakaanga maharage makavu na kuyasaga kwenye kinu cha kahawa nikiwa shule. Nikirudi na kuuliza harufu ile ni ya nini, naambiwa kahawa.

Jamani! Ile harufu! Maisha yangu yote nimekuwa nikienda kunywa kahawa kwa watu na kurudi nimenuna, kwamba hakuna anayejua kupika kahawa kama ya nyumbani. Kumbe nilikuwa natafuta maharage!

Nikauliza nani mwingine alijua. Dada alijua. Mwalimu alijua. Muuza ndizi alijua, naye alikuwa ananipungia mkono kila siku. Nilikasirika, nikasimama nitoke, nikajikuta nimekaa sakafuni nalia kama mjinga. Mama alikuwa ananidanganya kila wiki ili nisife. Na sikumshukuru hata mara moja, maana sikujua kuna la kushukuru.

Baba kaniwekea mkono kichwani. Kasema ujanja nimeurithi kwa Mama wote. Ila kuuficha sikurithi.

Kisha akaomba kopo la Kifua. Kumbe alilijua tangu siku ya hodi. Kaliweka chini mbele ya kigoda chake, akalifanya pa kukanyagia.

Ijumaa, 14 Machi

Tumeoka. Baba kakaanga maharage ameketi, anayageuza kwa mwiko bila kuangalia, mkono unakumbuka wenyewe. Akasaga, nikachekecha. Niliponyanyua kijiko kuongeza sukari akanipiga kofi la vidole. Kasema "kiasi" cha marehemu kilikuwa kumimina mpaka Baba aseme inatosha, halafu kuongeza kidogo kwa ubishi. Basi nikamimina. Akasema inatosha. Nikaongeza.

Harufu ilipoanza kutoka Baba akaweka mwiko chini. Nilikuwa juu ya kiti changu cha kuzuia mlango, sikuthubutu kugeuka. Ilikuwa saa kumi ya mchana, saa ya kutoka shule, na kwa dakika moja nilisubiri sauti ya kuniambia nivue viatu.

Mkate ulikuwa wa kahawia, umepasuka katikati kama inavyotakiwa. Nikakata. Baba akatafuna kipande cha kwanza amefumba macho. Akala cha pili. Cha tatu akakiomba mwenyewe! Akajifuta macho kwa pindo la shati na kusema ni yeye huyu, ndiye kabisa. Nikampa pembe.

Na mimi nikala. Kwa kujua. Nilifumba macho, nikasema liwalo na liwe. Ni mtamu sana. Nimejichunguza hadi jioni, sijaota mkia.

Jumapili, 16 Machi

Siku ya mizani. Baba kala mikate miwili kwa siku mbili, lakini mtu hajengwi kwa siku mbili. Nilijua. Asubuhi nikamvalisha koti lake la mikutano. Nikamwambia kuna baridi. Mifukoni nilikuwa nimepanga vyuma vya cherehani vilivyofungwa kwenye vitambaa visigongane. Hapakuwa na baridi. Baba hakuuliza kitu.

Dada akaingia. Baba akapanda. Sitini na moja!

Dada akainama akasoma tena. Akasema kwa sauti ya wodini kwamba Baba avue koti. Koti likaanguka na kishindo kama mtu. Akasoma: hamsini na tatu na nusu. Hiyo inatosha! Lakini Dada hakuwa nesi bure. Akapapasa suruali ya Baba. Mfuko wa kulia, kufuli la geti. Wa kushoto, mawe mawili ya bustani.

Nilimtazama Baba. Baba alitazama dari. Mawe yale sikuyaweka mimi.

Bila vitu vyote hivyo: hamsini na mbili. Kapanda kilo moja, halali, ya maharage. Lakini si mbili.

Dada akavuta pumzi aanze. Baba akamkatiza. Kasema yeye hataki kuondoka kwenye nyumba hii, kwamba kila akiamka humu mke wake yuko chumba cha pili, na kwamba huku ana mtu wa kumfanya acheke. Ni mimi huyo. Nikaangalia viatu vyangu.

Nikakata mkate kwa kukosa la kufanya, nikamsogezea Dada sahani. Kauma. Kaacha kutafuna. Yule mwanamke wa mizani akaweka kipande chini, akafunika uso kwa mikono miwili, akamwita Mama. Mara moja tu. Sijawahi kumsikia akimwita hivyo tangu mazishi, ambapo yeye ndiye aliyetubembeleza sote. Nikamsogelea, sikujua mikono niiweke wapi, nikamshika bega. Hakunitoa.

Alipotulia akala vipande vinne. Kasema tunapewa wiki mbili nyingine, na mkate ni wa Jumamosi. Nikasema Jumatano. Baba kasema ulikuwa wa Ijumaa, na sote wawili tunyamaze.

Jumatatu, 17 Machi

Nimetulia, nimetafakari kwa kina, nimeona kosa letu. Kosa lilikuwa mifuko! Mfuko ni mahali pa kwanza pa kupekuliwa. Mimi ni fundi, ninavyo vyerehani kumi na vinne, na nimekwenda kuweka chuma mfukoni kama mwizi wa sokoni. Tarehe 30 kila kitu kitakuwa ndani ya pindo la suruali, kimeshonewa mshono wa mara mbili.

Baba kafikiria hilohilo. Kaniuliza leo wakati wa chai, mdomo umejaa mkate, kama sina vyuma vyembamba zaidi, maana vile alivyokwisha kuvijaribu kwenye pindo vinamchubua kisigino.