Tairi za Kukulia

Jumatatu, 12 Agosti 1996. Migori.

Leo Dada Nyatichi, kiongozi wa kwaya yetu, ametangaza safari ya makambi ya kanisa huko Homa Bay. Tunaondoka Ijumaa mchana, tufike kabla jua halijatua na Sabato kuingia. Wenye magari kanisani ni wawili tu: mimi, na Mogaka wa duka la misumari na mabati. Nyatichi akasema yeye atapanda lile lenye tairi za kuaminika. Alisema hivyo akiangalia miguu ya Datsun yangu. Mbele ya watu! Kweli tairi zangu zimekuwa kipara kuliko Mzee Mayaka, mzee wetu wa kanisa, lakini yeye hakuna anayemsema.

Mogaka akadakia kwamba Pijo yake imevaa mpya juzi. Nani alimuuliza?

Hapa naandika ukweli, maana hakuna anayesoma. Nataka kumwoa Nyatichi. Kola zote za kwaya yake nimezishona kwa nia hiyo. Akiketi kiti cha mbele kutoka hapa hadi Homa Bay, nitasema yote. Njia inatosha kwa mtu mwenye aibu kama mimi. Lazima nipate tairi.

Jumanne, 13 Agosti

Kwa Zubair, muuza spea kando ya msikiti. Akainama, akasoma nambari ubavuni mwa tairi yangu kuukuu: mia na sitini na tano, ringi kumi na tatu. Akasema nichukue hiyohiyo na mambo yaishe.

Lakini pale pembeni nikaona nyingine. Mia na themanini na tano! Ringi ileile, lakini pana, ndefu, zina meno ya kutisha. Roho ikapenda. Zubair akaniambia polepole, bwana fundi, hizo ni za pikapu. Ringi itaingia, lakini kwa gari lako dogo zitakula madigadi, yale mabati ya juu ya magurudumu.

Nikacheka. Muuza spea anamfundisha fundi wa nguo habari za vipimo! Mimi nashona yunifomu za shule. Kila mama mwenye akili akileta mtoto huniambia, fundi, acha ya kukulia. Januari sketi inafagia sakafu, Novemba imekaa sawa. Na tairi je? Si huliwa na barabara kila siku? Anayenunua ya kumtosha leo, mwakani atakuwa nayo ndogo. Nikabeba nne za pikapu. Zubair akasema zikinisumbua nisirudi kwake. Alisema kwa heshima, lakini alisema.

Jumatano, 14 Agosti

Zimefungwa. Datsun imeinuka, sasa naona juu ya ua wa jirani. Nimeijaribu peke yangu hadi darajani. Safi kabisa! Wakati wa kugeuza nilisikia mkwaruzo kidogo. Kokoto, bila shaka.

Nikapita mbele ya duka la Mogaka. Nikarudi nikapita tena, asije akasema hakuona. Akauliza kama nimesikia mafuriko yanakuja. Wivu huo.

Nyatichi ameiona. Amesema imependeza na amekubali kiti cha mbele! Nyuma watakaa Mzee Mayaka na Mama Teresa wa jikoni, pamoja na ndizi na masufuria ya makambi. Nikamwambia hata akiongeza ng'ombe, gari hili ni la kazi. Leo usiku sitalala.

Ijumaa, 16 Agosti. Kando ya barabara, karibu na Rodi Kopany.

Ole wangu.

Tulipopakia, Datsun iliketi juu ya tairi zake kama kuku juu ya mayai. Tulipopita Awendo nikakohoa, nikaanza: Dada Nyatichi, kuna jambo nimekuwa nalo moyoni. Shimo. Krrrr! Akauliza jambo gani. Nikapaza sauti. Shimo jingine. Krrrr! Mzee Mayaka akajibu kutoka nyuma kwamba hata yeye hasikii, nirudie.

Rongo, pale pa kukata kwenda Homa Bay, nikazungusha usukani na moshi ukatoka. Harufu ya mpira ulioungua. Mzee Mayaka akauliza kwa upole kama kuna kitu kinapikwa kwenye masufuria.

Sikukata tamaa. Nikabuni njia: kila kona, walio nyuma washuke, wapite kona kwa miguu, wapande tena mbele. Gari likiwa jepesi halikwaruzi sana. Mama Teresa alivumilia kona chache tu. Kisha akaniambia, "Obare, mimi nimekuja makambi, sikuja maandamano." Nyatichi naye akawa anashuka ili amshike mkono. Basi kwenye kona, mahali ambapo mtu hupunguza mwendo na anaweza kuzungumza, nilikuwa peke yangu.

Halafu tairi ya nyuma ikapasuka. Madigadi yaliila, au yenyewe iliyala madigadi. Sijui nani alianza.

Mogaka akatokea na Pijo yake, imebeba hema kubwa la makambi. Akashusha hema, akaniachia nililinde, akawachukua watu wangu na ndizi zao, isipokuwa kichane kimoja. Nyatichi ameketi mbele. Aliniambia, "Pole, Ndugu Obare." Hilo neno ndugu limeniuma kuliko yote.

Nikatoa tairi ya akiba, ile kuukuu ya kipara. Nati ya mwisho ikakataa kufunguka. Jua likatua. Sabato! Nikaweka spana chini. Fundi mmoja wa magari wa hapo akaja mbio, akasema, "Omera, ndugu yangu, ni dakika tano tu, nikusaidie!" Nikamweleza kwamba sifanyi kazi wala simfanyizi mtu kazi hadi kesho jioni. Akaangalia kule jua lilikotua, akaangalia gari, akanionea huruma, akaenda zake.

Jumamosi, 17 Agosti. Palepale.

Nimelala ndani ya hema lililokunjwa. Nimekula ndizi mbichi. Nimeimba nyimbo za kwaya sauti zote nne, ndege wakahama.

Huko Homa Bay waumini wamekaa juani, maana kivuli chao kiko hapa nami. Sikufurahi. Nilifurahi kidogo, nilipomfikiria Mogaka. Nimetubu.

Alhamisi, 22 Agosti. Migori.

Mogaka ameingia kibandani mwangu. Uso umeungua jua. Anataka suti. Nikauliza ya nini. Akasema wiki ijayo anakwenda Kisii kujitambulisha kwa wazazi wa Nyatichi. Kumbe njia kutoka Rodi Kopany hadi Homa Bay ilimtosha yeye! Na Pijo haipigi kelele.

Nyatichi alikuwa amesimama mlangoni. Nikashika tepu, nikampima mwanamume mwenzangu kifua. Roho iliniuma, siwezi kusema uongo. Nikatangaza kwamba nitaacha inchi nne za kukulia. Mogaka akasema yeye ni mtu mzima, hakui tena. Nikamwambia akioa atanenepa. Nyatichi akasema, bila kunikemea, kwamba mtu ashonewe alivyo leo.

Maneno mazuri. Nitaacha inchi nne.

Walipoondoka nilikaa nikafikiri vizuri. Kosa nimeliona! Tairi hazina shida. Tatu ni nzima, ya nne nitaitia kiraka, na viraka ndiyo kazi yangu. Lililopungua ni gari. Nimepewa habari kwamba huko Masara, kwa wachimba dhahabu, kuna pikapu imewekwa juu ya mawe, haina hata tairi moja. Ringi kumi na tatu! Nimetuma neno kwa mwenye nayo, asimuuzie mtu. Makambi ya mwaka ujao nitamwendesha Nyatichi hadi Homa Bay, yeye na huyo mume wake, wakae nyuma na hema.

Kama ina injini sijauliza. Nitaona nikifika na tairi.