Bunduki ya Aulis na Mbwa Mweupe

"Gari la kasisi limegeuka chui," Rauno alitangaza, akalikung'uta gazeti la mji juu ya meza mpaka vikombe vikatikisika. "Sikilizeni. Jirani yake kapulizia kibanda rangi nyeusi, upepo ukavuka uzio, gari la njano la watu likajaa madoa toka taa hadi buti. Sasa halmashauri inawaomba wote wanaopulizia rangi uani watumie bunduki za rangi zenye presha ndogo."

"Kasisi kasemaje?" Ilpo aliuliza.

"Amesamehe. Halafu akapiga simu bima."

Walikuwa kwenye mabenchi ya nje ya kituo cha mafuta, pale njia ya ziwani inapoachana na barabara kuu. Ilikuwa Mei, barafu ndiyo kwanza imeyeyuka, na kila mwenye mashua alikuwa ameigeuza kifudifudi uani kwake. Kituoni hapo ukinunua kikombe kimoja cha kahawa, cha pili unajaziwa bure, na hicho cha pili ndicho kilichowaleta.

Rauno walimwita Redio, tofauti ikiwa kwamba redio ina swichi. Ilpo, aliyepiga rangi magari gereji mpaka akastaafu, aliitwa Bomba. Na Aulis, mgane asiye na maneno, aliitwa Jiwe, ingawa Redio alishasema jina hilo linayaonea mawe, maana jiwe ukiligonga linatoa sauti.

Habari ilipoisha, wote walimtazama Aulis. Kisha kwa pamoja wakaliangalia benchi la pili kwa pembe za macho. Helvi, jirani wa Aulis, alikuwa amekaa pale, kawapa mgongo, anamchana Lumi, mbwa wake mkubwa mweupe. Msimu wa kupukutisha manyoya ulikuwa umefika, na kila chanuo lilipopita, mafungu yalipeperuka kama theluji iliyopotea njia.

Kiangazi kilichopita Aulis aliipulizia mashua yake rangi ya kijani kwa bunduki aliyoazimwa na Bomba. Upepo ukageuka. Lumi alikuwa amelala upande wa pili wa uzio, akaamka ana ubavu wa kijani. Ilibidi Helvi amnyoe, na mbwa wa watu akatembea mtaani msimu mzima kama zulia lililoliwa na nondo. Toka siku hiyo Helvi hakumsemesha Aulis. Majirani hawakugundua mpaka viazi vilipokuwa vinachimbwa, kwa sababu hata zamani maongezi ya wawili hao yalikuwa ya kutikisa vichwa. Lakini Aulis aligundua siku ile ile. Nyavu za ziwani zinataka watu wawili, mmoja apige makasia, mwingine avute, na mvutaji wake miaka yote alikuwa Helvi. Akabaki kuvuta peke yake nyavu zilizojisokota, ndani ya kimya ambacho hakikuwa kile alichokizoea.

"Jiwe," Redio alisema, "hapa halmashauri inakuongelea wewe. Kasisi wamemtanguliza kwa heshima tu."

Aulis aliipuliza kahawa yake. "Nimenunua."

"Umenunua nini?"

"Ya presha ndogo."

Bomba akaweka kikombe chini kama mtu aliyeletewa habari za msiba. "Ile inayonong'ona?"

"Hiyo hiyo."

"Bwana we. Tunakaa benchi moja kila asubuhi, na bado hukuniuliza?"

"Ungesema hapana."

"Ndiyo, ningesema hapana."

"Ubaya wake nini?" Redio alidakia.

"Polepole mno. Ukianza kupuliza mbele ya mashua, mpaka ufike nyuma, mbele pameshaanza kubanduka. Rangi nzito haiwezi, lazima uiyeyushe kwa tina mpaka iwe uji wa mtoto. Na hewa sasa. Inakunywa hewa kama Redio kwenye harusi ya watu."

"Tuachane na harusi. Uzuri wake je? Maana umeanza kukwaruza meza."

Bomba aliuondoa ukucha mezani. "Rangi inakaa kwenye kitu."

"Na ya kwako?"

"Ya kwangu nusu inakaa, nusu inaondoka."

"Inaenda wapi?"

Kwenye benchi la pili Lumi alipiga mwayo.

"Ndiyo maana paa la gereji yenu lilikuwa na rangi ya kila gari mjini," Redio alisema. "Mimi nilikuwa nikitaka kujua nani kanunua gari gani, natazama juu."

"Magari yaling'aa lakini."

"Na paa pia. Haya, Jiwe, umeshaijaribu?"

Aulis aliitazama mikono yake. "Jana. Kwenye mlango wa choo cha uani."

"Ukatokaje?"

"Vipele. Kama ganda la chungwa."

Bomba alijinyoosha, sura imemchangamka. "Kompresa gani ulitumia?"

"Ile ya kujazia matairi."

"Ya baiskeli," Redio aliongeza.

"Jamani. Bunduki ile inataka hewa nyingi, tena isiyokatika. Wewe unaipa kikompresa cha matairi, hewa inaisha katikati, rangi inaanza kutema mate. Halafu mtu anailaumu bunduki."

"Aliyekuwa anailaumu sasa hivi ni wewe."

"Mimi naruhusiwa, mimi fundi." Bomba akamgeukia Aulis. "Njoo uchukue kompresa yangu kubwa. Hilo libunduki lako siligusi. Nitasimama tu kuhakikisha kompresa yangu haidhalilishwi."

Hapo fungu la manyoya likaelea, likatua katikati ya kahawa ya Bomba.

"Mama Helvi, mbwa wako kanitangulia kikombe."

"Hiyo ni presha kubwa," Redio alisema. "Halmashauri iandikiwe."

Helvi hakugeuka, ila chanuo lilipunguza mwendo. Redio aliona nafasi. "Basi mambo yamekwisha. Bunduki mpya, kompresa kubwa, mbwa salama. Helvi, si umesikia?"

"Muulize huyo fundi," Helvi alijibu, uso bado uko kwa mbwa, "kama hakuna kabisa kinachoruka."

Bomba alijikuna shingo. Alikuwa mtu wa kujigamba, lakini kwenye rangi ulimi wake haukuweza kudanganya. "Kinaruka. Kidogo sana, lakini kinaruka. Na upepo wa ziwani mnaujua wenyewe."

"Kidogo sana ndiyo kiasi gani? Sikio? Mkia?"

"Tuseme mkia. Ncha yake."

"Basi," Helvi alisema, akarudi kuchana.

Majira yote ya baridi, akizoa theluji mlangoni, Aulis alikuwa ameitunga sentensi ya kumwambia. Ilikuwa ndefu, na nzuri. Sasa aliutafuta mwanzo wake asiuone.

"Nilijua," alisema hatimaye. "Muuzaji alinieleza. Ndiyo maana nimebadilisha rangi."

"Umechagua gani?" Bomba aliuliza.

"Nyeupe."

"Mashua yako ni ya kijani. Ya baba yako ilikuwa ya kijani. Ziwa zima linakujua kwa kijani."

"Mwaka huu nyeupe."

Redio alifungua mdomo. Halafu, jambo ambalo halikuwahi kuonekana kituoni pale, akaufunga bila kuutumia.

Helvi aligeuka. Alimtazama Aulis, akamtazama mbwa, akamtazama Aulis tena. Kisha alichomoa fungu la manyoya kwenye chanuo, akaliviringisha kwa vidole, akainuka na kuliweka mezani kando ya andazi la Aulis.

"Lumi si mweupe," alisema. "Ni krimu. Mpelekee mwenye duka, achanganye rangi mpaka ifanane na hii. Usiniletee nyeupe ya friji."

Akashika kamba ya mbwa, akapiga hatua, akasimama.

"Na zile nyavu nimeziona uani kwako. Usiziguse. Nitazisokotoa mwenyewe, wewe unaziharibu."

Akaondoka, Lumi nyuma yake akimwaga theluji njia nzima. Aulis aliyafunga manyoya kwenye kitambaa cha karatasi, akayatia mfuko wa kifuani, akaelekea mjini kwenye duka la rangi.

Redio alikitazama kikombe kilichobaki mezani. "Kaacha cha pili," alisema taratibu, kama anasoma kichwa cha habari. "Cha bure."

Bomba alikuwa ameshalitoa lile fungu la manyoya kwenye kahawa yake. Alilinyanyua ili alitupe, akaghairi, akalikausha kwa vidole na kuliweka vizuri chini ya kisahani.

"Nalitunza," alisema. "Rangi ikimwishia kabla ya kupuliza mara ya pili, atarudi kuliulizia ili achanganyiwe inayofanana."