Koti Langu Liko kwa Kelebonye

Jumatatu, 3 Juni
Baridi kali. Miezi miwili tangu Kelebonye anitoe nyumbani kwake. Miaka sita tuliishi pamoja, bila ndoa. Leo nimeamka na akili mpya: nitamshtaki anirudishie vitu vyangu! Redio, chungu cha chuma cha miguu mitatu, koti la kijivu. Akinisikia nikitoa hoja mbele ya chifu, atajua kamwacha mtu wa maana. Atanirudia. Nimefika barazani saa mbili. Karani kaniuliza koti liko wapi, mwanamume haingii barazani bila koti. Nikamwambia ndilo nililokuja kulidai. Akasema nikalivae kwanza, ndipo nije kulidai.

Jumanne, 4 Juni
Nimeazima koti la jirani, Bwana Moatlhodi. Mtu wa miraba minne! Mikono imenimeza hadi kucha. Kaniambia nisilichafue, Jumapili analihitaji, amealikwa chai kwa Kelebonye. Kalisema hilo taratibu, huku ananifunga vifungo. Nimefungua kesi. Kelebonye ataitwa Alhamisi.

Alhamisi, 6 Juni
Kaja na shali begani, anasukuma toroli. Redio imo. Chungu kimo, kimesuguliwa. Koti hakuna. Chifu akauliza sababu. Kelebonye akasimama, hakunitazama.

"Koti hilo alilinunua la kunioa, Chifu. Miaka minne liko kabatini kwangu. Aseme wajomba zake wanakuja lini kuniposa, nitalileta mwenyewe."

Chifu akanigeukia, akaniambia nijibu, nisiwe na haraka. Nikaingiza mkono mfukoni, nikatoa risiti! Ya duka la Gaborone, jina langu juu. Chifu kaguna, kaamuru koti lirudishwe kesho. Kelebonye kavuta shali, kaondoka na toroli tupu. Nimeshinda. Sijui kwa nini sina furaha.

Ijumaa, 7 Juni
Askari wa baraza kalileta. Linanuka dawa ya nondo. Nimenenepa miaka hii, nikajua halitafunga. Limefunga. Kelebonye kaliongeza kiunoni, kwa mkono, mishono midogo midogo. Kaifanya lini kazi hiyo? Hakuwahi kuniambia. Nimekaa nalo kitandani mpaka chai ikapoa. Nimelia. Naandika ukweli, daftari hili halisomwi na mtu.

Jumamosi, 8 Juni
Nimenawa uso, nimeamua. Niende kwa mjomba, nimwombe akapose leo hii, kabla ya ile chai ya Moatlhodi. Nikavaa koti, nikatoka. Nimefika njia panda, naiona nyumba ya mjomba kabisa. Hapo nikagundua: kifungo cha mkono wa kushoto hakipo! Risiti inasema koti zima. Kifungo kitakuwa kwake, kabatini. Nikarudi nyumbani kuandika madai.

Jumatatu nakwenda barazani kumshtaki. Ataitwa, atakuja, atasimama karibu nami. Na safari hii nina koti.