Chujio la Hisa Kwenye Kioo cha Dirisha

Jumatatu, 3 Machi
Kikundi chetu cha wawekezaji wanaoanza kitachagua mwalimu Jumapili. Tunaogombea ni wawili: mimi na shemeji, kaka wa mke wangu, karani wa benki anayedhani tai ndiyo akili. Nafasi hii naitaka. Naitaka sana! Miaka kumi na mitano natunza ghala la vitabu vya shule, na hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kuniita mwalimu.

Jumanne, 4 Machi
Shemeji katangulia kufundisha namna ya kuchuja hisa zenye kasi. Asilimia, wastani, jedwali juu ya jedwali. Kinyozi wa mtaani, mwanachama mwenzetu, alisinzia. Mama mkwe, naye mwanachama, aliuliza kama anaruhusiwa kwenda nyumbani. Na jambo lenyewe jepesi! Hisa ambayo bei yake imepanda miezi sita, chukua. Inayoshuka, acha. Basi! Nitaondoa namba zote. Hata majina ya miezi nitayaondoa. Utabaki mstari mtupu. Kichwa changu hiki, sijui nilikitoa wapi.

Jumatano, 5 Machi
Mke wangu ni fundi cherehani. Nimeazima, bila kumsumbua kwa kumwambia, zile karatasi zake nyepesi za kunakilia mitindo. Nimenakili michoro ya bei kutoka gazetini, kampuni nane, kwa wino mzito. Nimezibandika kwenye kioo cha dirisha la sebuleni ili mwanga upite. Upande wenye wino nimeulaza kwenye kioo, wanafunzi wasije wakauchafua kwa vidole. Hata hilo nimelifikiria! Chini ya kila mchoro, kikaratasi chenye jina la kampuni.

Ijumaa, 7 Machi
Somo langu limetia fora! Ndani ya dakika kumi kinyozi alishachuja kampuni zote nane. Mama mkwe, ambaye hajanisifu tangu harusi, alisema hata yeye kaelewa. Wote wakachagua kiwanda cha rangi. Mstari wake unapanda kama ngazi. Kinyozi kaapa atanunua Jumatatu asubuhi.

Shemeji alichelewa. Akaingia akihema, anadai alipokuwa nje kaona dirishani kiwanda cha rangi kinaporomoka. Nikamuuliza mtu anayechungulia darasa kutoka uani ataona nini. Walicheka mpaka machozi. Raha iliyoje!

Jumamosi, 8 Machi
Kinyozi kaja na gazeti, wenzetu wote nyuma yake. Kiwanda cha rangi kimeshuka miezi sita mfululizo.

Mke wangu alilitazama dirisha mara moja tu. Akasema hata mwanagenzi wa cherehani anajua karatasi ina mbele na nyuma, na kwamba nimebandika zote ndani nje. Wino umetazama nje, nasi ndani tunasoma mgongo wa karatasi, mwisho wa mstari ukiwa mwanzo: iliyopanda inaonekana imeshuka, iliyoshuka inaonekana imepanda! Akazibandua, akazigeuza, akawaeleza wenzetu upya, kwa mstari wangu ule ule. Akaongeza kwamba hisa iliyopanda jana haijaahidi kupanda kesho. Sikumtuma aongeze. Niliona aibu, nakiri. Kama dakika tano hivi.

Jumapili, 9 Machi
Kura zimehesabiwa. Shemeji kapata moja, yake. Mimi moja, yangu. Zilizobaki zote kapewa mke wangu, ambaye hata hakugombea. Nilipiga makofi.

Kisha nikafikiri vizuri. Njia yangu imeshinda! Nilikosea jambo moja tu: kuanza na wanaoanza. Hawa hawana upeo wa kunielewa. Jioni nimewaandikia madalali wa soko la hisa, nikijitolea kuwafundisha bure. Maskini, miaka yote hiyo wamehangaika na namba.