Marehemu Kucheka Si Kosa Langu

Octavian Kapela,
Ntalikwa, Tabora.

Kwa Ndugu Alamin,
Mwongozaji wa Opera, Mtendeni.

YAH: KUFUKUZWA MSIBANI

Ndugu Mwongozaji,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, tofauti na Mwanahija.

Mimi ndiye yule mwenye koti la kahawia aliyebebwa mikono na miguu na mabaunsa wako Ijumaa iliyopita. Kesho yake ukabandika tangazo mlangoni kwamba nisiingie tena, hata kwenye onyesho la mwisho la Jumamosi hii. Naomba marufuku hiyo iondolewe. Sababu zangu ni hizi, na nakushauri uzisome umekaa.

1. Umechukua opera ya kale ya Waitaliano ukaileta Tabora ili ituguse watu wa leo. Sina ugomvi na hilo. Yule bibi wa Kiitaliano umemgeuza Mwanahija, mama lishe anayewapikia madereva wa malori pale Ziba, na mpenzi wake sasa anaendesha lori la tumbaku. Vizuri sana. Lakini ulipofika kwenye kifo ukachoka kufikiri. Mwanamke anakufa kwa kifua kikuu, mapafu yamekwisha, na bado anaimba kwa muda wa kuivisha maharage. Tena yuko peke yake na daktari. Peke yake, Ziba! Mama lishe akikohoa mara mbili tu Ziba, chumba kinajaa. Huyu kaleta uji, yule kaleta mwarobaini, na mwingine anauliza pembeni, kwa sauti ya kusikika, "Jamani, na yale masufuria makubwa atabaki nayo nani?"

2. Ni wewe, si mimi, uliyemfanya Mwanahija awe Mzaramo. Wimbo wake wa kwanza unasema wazi kwamba kwao ni Kisarawe. Sisi Wanyamwezi ni watani wa Wazaramo tangu babu zetu walipobeba pembe za ndovu hadi pwani na kurudi, wakitupiana maneno njia nzima. Mzaramo akifia Unyamwezi, msiba ni wetu kuuvuruga. Mtani halii. Mtani humsema marehemu, hujilaza kaburini, huzuia jeneza, mpaka wafiwa wacheke kidogo na wakumbuke kula. Hii ni kazi, ndugu yangu, na nimeifanya kwenye misiba mingi bila kudondosha chozi. Wewe unatuwekea maiti mbele ya macho, halafu unategemea tukae kimya eti kwa sababu tumekata tiketi?

3. Basi niliinuka. Nilivua viatu, nikapanda jukwaani kwa heshima, nikajilaza kando ya marehemu na kumwambia: "We Mzaramo! Umetoka Kisarawe yote hiyo kuja kutufia sisi? Na wali nani anaupalia?" Binamu yangu Sayi akadakia kutoka viti vya nyuma: "Mwache apumzike, kauonja mwenyewe!"

Hapo marehemu akacheka. Lina, binti anayeimba nafasi ya Mwanahija, alicheka mpaka shuka likamdondoka. Mpiga fidla akaweka chombo chini. Ukumbi mzima, ambao tangu mwanzo ulikuwa ukichungulia simu, ukasimama kushangilia. Baunsa wako mnene akaninong'oneza, "Mzee wangu, unatuharibia kifo." Kwa heshima zote, kifo nilikikuta kimeharibika. Mimi nilikuwa nakikarabati.

4. Tangazo lako linasema "marehemu hacheki." Haya, nakupa njia. Watani tuingizwe kwenye opera rasmi, tuandikiwe na nota zetu. Ikishindikana, mbadilishe Mwanahija kabila. Ila nakuonya, kila kabila nililolifikiria lina watani wake, wamejaa tele hapa Tabora, na wengi wana sauti kunizidi. Kwa hiyo inabaki njia moja tu: asife. Unataka opera ya watu wa leo? Mtu wa leo mwenye kifua kikuu anapewa dawa bure, anameza miezi sita, anapona. Yule daktari wako anaingia jukwaani na mkoba, anatoka na mkoba, na hajawahi kuufungua! Aufungue. Mwanahija apone, aolewe na dereva wake, arudi kwenye masufuria. Pasipo na msiba hakuna wa kuuvuruga, na mimi sina sababu ya kuzuiwa. Ukikataa, nitamshitaki huyo daktari kwa uzembe, kwa jina lake lile lile la kwenye opera.

Mpe shikamoo zangu mama yako, Bi Saleha. Alikuwa mstari wa mbele na alicheka, nilimwona. Lina mwambie pole kwa kufa. Wasalimie mabaunsa wote, wakukumbushe kwamba viatu vyangu bado viko jukwaani.

Ni mimi, mtani asiye na chozi,
Octavian Kapela

N.B. Mke wangu Benedikta amekataa kuipeleka barua hii mpaka niongeze jambo moja. Mlipoirudia opera Jumapili mchana, nilisimama nje, dirishani. Mwanahija akauimba ule wimbo wa mwisho wote, bila mtu wa kumkatiza, na mimi nikalia. Nililia mpaka yule baunsa mnene akaniletea kiti, akasema, "Pole mzee wangu, kazi ya Mungu hiyo." Mtani akishalia si mtani tena, ni mfiwa. Kwa hiyo futa namba mbili, tatu na nne. Lakini mfiwa naye hazuiwi mlangoni, na Jumamosi nitakuja. Tafadhali, daktari asiufungue ule mkoba.