Kugombea Sindano ya Mwalimu

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Makubwa! Mwalimu anaachia sindano.

Nimeyasikia mwenyewe, kisu mkononi, mfupa wa paja mezani. Aliingia buchani kuchukua nusu kilo yake ya kila Jumatatu, akasema mikono imeanza kumtetemeka, juzi nusura aikwaruze santuri, kwa hiyo Jumamosi anamkabidhi mtu mwingine. Nikakata kidole badala ya mfupa. Kidogo tu. Mteja aliyekuwa nyuma yake akaondoka bila kununua.

Kwa faida ya watakaoisoma shajara hii nikishakuwa mtu maarufu, nieleze. Tuko wanne. Mwalimu mstaafu, Mama Mishono fundi cherehani, Fundi Meno anayetengeneza meno ya bandia, na mimi, Bucha. Tunasikiliza roki nzito ya mtindo wa miaka ya themanini: gitaa linalolia kama limebanwa mlangoni, kiitikio cha kupasua koo, nywele hadi kiunoni. Wala si santuri za zamani. Hizo hata shemeji yangu anazo. Sisi tunataka mpya, za bendi za leo zinazopiga kama jana. Ikitoka moja tunaagiza, inafika kwa posta buchani kwangu kwa sababu mimi nipo kutwa nzima, na Jumamosi saa tisa tunakutana kwenye karakana ya Mama Mishono, katikati ya suruali za watu.

Sheria ni moja. Masikio mabichi! Hakuna kuisikia kabla ya wenzako, hata kipande, hata kwenye simu. Mwalimu anachana nailoni kwa wembe mbele yetu wote, kisha anashusha sindano. Yeye peke yake. Huu mwaka wa tisa.

Nampenda yule mzee. Alinifundisha darasa la sita. Mara mbili, mimi na darasa lile hatukutaka kuachana.

Naitaka sindano ile kuliko nilivyotaka kuoa. (Mke wangu hasomi humu. Nadhani.)

Mama mkwe kalalamika tena kwamba saa ya ukutani inachelewa. Nimemwambia nina mambo mazito kichwani.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Fundi Meno naye anagombea! Kaja buchani na kile kimkia chake cha nywele, kanitangazia huku anachagua maini. Mtu anashinda na taya za watu mkononi, leo anataka sindano!

Tukabishana kama kawaida. Yeye anasema bendi mpya zinaharibu kwa kinanda, kwamba kinanda ni cha harusini. Nikamwambia albamu ya mwisho ya Dada wa Radi ilikuwa na kinanda, na yeye alitikisa kichwa mpaka miwani ikaangukia kwenye chai ya Mama Mishono. Akasema alikuwa anafukuza inzi. Akasema pia mtu asiye na nywele hawezi kuijua roki kwa ndani. Hilo limenichoma. Nywele zangu ziliondoka kwa hiari yao, nikiwa na miaka thelathini, nami sikuzifukuza.

Mwalimu kaweka utaratibu. Jumamosi tutasikiliza albamu mpya ya Chui wa Chuma. (Ndivyo tunavyowaita sisi, kwa sababu ya picha zao za chui. Jina lao lenyewe Fundi Meno anasema linahitaji meno ya mbele yote mawili.) Upande wa kwanza ukiisha, kila mgombea atasimama aiseme albamu papo hapo, bila karatasi. Atakayeisema vizuri ndiye mrithi. Mama Mishono kasema yeye hagombei, ana pindo za sketi kumi na nne.

Papo hapo! Mimi ni mtu wa kujiandaa. Nimetembea, nimefanya kazi jikoni melini, nimefika bandari saba, sita kati ya hizo bila kuruhusiwa kushuka. Mtu kama mimi hakurupushwi.

Kifurushi kinafika kesho. Nimepata wazo. Najiogopa wakati mwingine.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimeisikia!

Mchana nilifunga bucha nikiwaambia watu naenda kupima shinikizo la damu. Nyumbani mke alikuwa kazini, mama mkwe kasinzia. Nikaichana nailoni taratibu, nikaiweka santuri kwenye mashine yangu ile niliyoachiwa na mjomba. Kitufe chake cha kubadili mwendo kilivunjika mwaka juzi, kikabaki kwenye polepole. Hakijawahi kunisumbua. Kila aliyetembea anajua kwamba santuri ndogo huzunguka haraka na santuri kubwa huzunguka polepole, na hii ni kubwa kama sinia.

Nikashusha sindano. Nikapigwa na butwaa!

Hawa ndio Chui? Ngoma zinatembea kama mtu anayehamisha kabati peke yake. Gitaa linanguruma kama ng'ombe aliyejua ninakuja. Na mwimbaji! Yule aliyekuwa akipanda juu mpaka mbwa wa jirani wanaitika, leo anaimba kutoka chini ya kitanda. Nilikaa sakafuni. Nikajiuliza kama wamefiwa.

Nikarudia. Mara ya pili nikaanza kuelewa. Mara ya tatu nikalia, machozi ya kweli, yakidondoka kwenye aproni. Wamekomaa! Wamekata nywele rohoni. Hii si albamu ya kuruka, ni albamu ya mtu mzima aliyekaa peke yake na deni la ujana wake. Sentensi hiyo nimeitunga mwenyewe. Itamuua Fundi Meno.

Mama mkwe kaamka, kauliza nani anakoroma sebuleni.

Jioni nikaifunga upya kwa mashine ya buchani, ile ya kufungia nyama kwa nailoni. Imekaza, inang'aa, huwezi kuijua. Ukweli ni kwamba imetoka safi kuliko kiwandani.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nimekariri hotuba mbele ya friji. Nimeweka vituo vya kushangaa, vya kujishika kidevu, ili ionekane inanijia palepale. Nusu ya ng'ombe iliyoning'inia imenisikiliza hadi mwisho.

Ila dhamiri inanisumbua kuhusu Mwalimu. Mzee wa umri ule akisikia Chui wamegeuka hivi bila kuandaliwa, moyo utastahimili? Nikampitia kwake na kipande cha fileti, nikamwambia Jumamosi ajikaze, dunia inabadilika, hata wanaoruka hufika siku wakatembea. Akaniangalia. Ni yale macho ya darasa la sita. Akauliza kama niko mzima. Nikamwambia niko imara kama nguzo.

Mke wangu kauliza kwa nini naongea peke yangu bafuni habari za kabati na ng'ombe. Nikamwambia ni siasa.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Naandika nimejifungia bafuni, mke asije akauliza.

Saa tisa wote tulikuwepo. Fundi Meno kaachia nywele mabegani, kapaka mafuta. Mimi nilivaa koti la ngozi, ambalo lilikuwa la jamaa mwembamba kuliko mimi. Mwalimu akashika wembe, akachana. Hakuna aliyeshtuka. Nikajipongeza kimoyomoyo. Mama Mishono, mwenye mashine, akaitoa santuri, akaisoma pale katikati, akabonyeza kitu. Sikujali. Nilikuwa natafuta sentensi yangu ya kwanza.

Sindano ikashuka.

Mungu wangu! Ngoma zikatoka mbio kama zimeiba. Gitaa likapaa, mwimbaji akapaa juu ya gitaa, mbwa wa mtaa mzima wakaitika. Fundi Meno akaanza kuruka. Mwalimu akacheka kama mtoto. Na mimi? Mimi nikaona jambo moja tu: mashine ya Mama Mishono imepata wazimu na inaitafuna albamu yetu, ya pekee, mbele ya macho yetu! Sikufikiria hotuba. Naapa, sikufikiria hata sindano. Nilifikiria santuri. Nikavuka meza, nikaangusha kikapu cha vifungo.

"Izimeni, mnaichinja!" nikasema. "Mwendo wake si huu."

Vifungo vikabingirika hadi miguuni kwa Fundi Meno. 

Fundi Meno akarudisha nywele nyuma, taratibu, kama mtu anayefungua zawadi. "Mwendo wake umeujulia wapi, Bwana Bucha," akasema, "na wembe umepita sasa hivi?"

Nikafungua mdomo. Hotuba yote iliyokuwemo ikakimbia. Nikasema nina kipaji. Nikasema mtu aliyetembea hujua. Fundi Meno akaokota ile nailoni iliyochanwa, akaigeuza, akainusa, kisha akaisoma kwa sauti ya kutangaza vifo redioni. Kwenye kona kulikuwa na kijikaratasi ambacho mashine yangu ya buchani hubandika yenyewe. Figo. Gramu mia tatu. Tumia kabla ya Ijumaa.

Mama Mishono akacheka mpaka akakaa juu ya pini. Alipopoa akanionyesha maandishi katikati ya santuri, madogo kama chawa. Kasema ni kubwa, ndiyo, lakini hawa wameitengeneza izunguke haraka kama zile ndogo, makusudi, ili sauti iwe nene. Kasema imeandikwa, mtu anatakiwa asome tu.

Kwa hiyo nililia kwa ajili ya kitufe kilichovunjika! Mara tatu!

Lakini kilichonimaliza ni Mwalimu. Hakukasirika. Ningeshukuru angekasirika. Alitoa mfukoni kikaratasi kilichokunjwa mara nne, akanipa. Kilikuwa na tarehe ya mwezi uliopita, na chini yake jina langu, kwa ule mwandiko wake wa ubaoni.

"Nilikuwa nimeshakuandika wewe, mwanangu," akasema. "Zile hotuba zilikuwa za kumridhisha Fundi Meno."

Nikakisoma tena. Mimi! 

Fundi Meno alidhani sasa ni zamu yake, akasimama, akaanza kushukuru. Mwalimu akamwomba akae. Sindano akampa Mama Mishono, ambaye mkono wake unapitisha uzi kwenye tundu huku anamgombeza mteja. Fundi Meno alibaki amesimama, mdomo wazi. Meno yake mwenyewe, nimeyaona, hayavutii.

Adhabu yangu: mikutano mitatu nikae kwenye kile kichumba cha kujaribia nguo, nyuma ya pazia. Nisikilize, nisitoe maoni.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Sikula. Mke wangu kaniuliza, nikamwambia yote. Kacheka, kalia, kacheka tena, kisha kasema kitu kilichonigusa: kwamba mtu aliyevuka meza kuokoa santuri anaipenda kweli. Halafu akaniambia nikatengeneze kitufe. Nitakitengeneza. Siku moja.

Nikaenda kwa Mwalimu, shikamoo ya heshima, nikaomba radhi. Tulikaa barazani. Alitaka nimsimulie ilivyosikika ule mwendo wangu wa polepole. Nikamwigizia mwimbaji wa chini ya kitanda, nikamwigizia kabati. Alicheka mpaka kikombe kikamwagika, na safari hii haikuwa mikono. Akasema Fundi Meno anadai vifurushi vihamie kwake, amekataa. Vitaendelea kuja buchani. Akasema aliyekwisha kuaibika hivi hawezi kurudia, hata awe nani.

Nilimshika mkono. Nikaapa. Masikio mabichi mpaka kaburini! Mimi ni mtu mpya. Niandike hapa ili nikisahau nisome.

Jumanne, tarehe 18 Machi

Kifurushi kimefika. Dada wa Radi! Albamu mpya! Na safari hii wameitoa kwenye kaseti, kama zamani zenyewe.

Sijakigusa. Nimekiweka juu ya friji, nikakitazama hadi saa nne.

Ila nimefikiri jambo. Kiapo kilihusu kusikiliza kwa ajili ya kugombea, na mimi sasa sigombei chochote. Nani anaumia? Tena mtu wa nyuma ya pazia husikia vibaya, ni haki yake kupata fidia. Tena kaseti haina mwendo wa kukosea. Ni kaseti!

Mchana nimeiweka kwenye redio ya kaseti ya mama mkwe. Waya wake ulitafunwa na panya, betri hamna, nikachomoa zile za saa ya ukutani.

Wimbo wa kwanza, moto! Wa pili, wametulia kidogo. Wa tatu nikakunja uso. Wa nne nikasimama. Jamani! Dada mwimbaji ameondolewa! Wamemweka mwanamume, tena mzee, tena mgonjwa, anavuta maneno kama anapandisha jeneza ghorofani! Hawajatangaza popote! Wamedhani hatutagundua, lakini wamekutana na sikio lililotembea. Mwalimu lazima aandaliwe mapema, kesho nampelekea fileti.

Nimeanza hotuba. Nitaisomea nyuma ya pazia, kwa sauti, liwalo na liwe.

Mama mkwe anauliza ni saa ngapi, eti saa imekufa kabisa. Nimemwambia aniache kwanza, nina msiba.