Kuomba Akchueta Iondolewe Kwenye Tangi Namba Mbili

Kwako Ndugu Meneja wa Kiwanda cha Maziwa,

Salamu nyingi, na pole kwa majukumu. Mimi ni yule mzee wa valvu, Spana kama wanavyoniita. Kwa heshima na taadhima nakuletea malalamiko juu ya mfanyakazi mwenzangu mpya, akchueta. Naomba aondolewe kabla ya Jumatatu, siku utakayoamua kama nabaki kazini au naenda nyumbani.

Kwa faida ya wakubwa wasioshuka huku chini: akchueta ni kile kidude kilichofungwa juu ya valvu, ile koki kubwa ya bomba. Kompyuta inatoa amri, kidude kinapata nguvu ya umeme au hewa iliyoshindiliwa, kisha kinazungusha, kinasukuma au kinavuta. Yaani ni mkono. Kwa miaka ishirini na moja mkono huo ulikuwa wangu, tena ulikuwa na mdomo.

1. Hainung'uniki. Ikiambiwa fungua, inafungua. Mimi nilikuwa nauliza kwanza nani kasema, halafu natafuta glavu, halafu napita maabara kusalimia. Huo ndio utu, jamani.

2. Inasema ukweli. Ikifunga nusu, taa inaonyesha nusu. Mimi nilikuwa naripoti kwamba imefungwa kabisa hata ikivuja, ili tusisumbuane. Tangu ije, imebainika kuwa maziwa yaliyokuwa yakipotea njiani yalikuwa yakipotea kwangu.

3. Umeme ukikatika, springi iliyo ndani yake inaifunga valvu yenyewe. Mimi umeme ukikatika nilikuwa natoka kuota jua.

4. Ndugu zake wameenea kiwandani. Mmoja anasukuma maboksi, mwingine anakaza vifuniko vya chupa, mwingine anafungua geti la malori. Ukoo mzima umeajiriwa, na mimi ulinikatalia mpwa wangu mmoja tu!

5. Bega langu limeacha kuuma. Mke wangu amegundua, na nimepangiwa kufua.

6. Hili ndilo kubwa. Leo saa nne asubuhi nimebonyeza kitufe cha kufungua mvuke wa kuoshea tangi. Ikakataa. Nikabonyeza tena, wapi! Mara ya tatu nikaizaba kofi, nikaumia mimi. Ndugu Meneja, katika maisha yangu nimechelewa, nimesahau, nimejificha chooni, lakini kukataa amri, hata siku moja. Huu ni utovu wa nidhamu wa wazi.

Hivyo naomba irudishwe stoo, nami nirudishiwe gurudumu langu la kuzungusha. Ikishindikana, ipewe barua ya onyo, nakala kwangu.

Wasalimie wote huko juu: mhasibu, dereva wako, na yule dada wa mapokezi asiyeitikia salamu zangu.

Ni mimi mtiifu wako niliyeumia,
Spana,
Mzungusha Valvu, kwa sasa Mtazama Valvu.

N.B. Nilikuwa naitia barua hii kwenye bahasha, shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, anayesafisha matangi hapa, akaja kuomba kitambaa ajifute. Kumbe saa nne alikuwa ndani ya tangi lile lile anasugua, na kifuniko cha tangi kikiwa wazi akchueta haifungui mvuke hata uibembeleze. Mimi ningefungua. Ningefungua mara ya kwanza, tena haraka, nionekane bado nina nguvu. Barua naileta hivi hivi, sina karatasi nyingine. Jumatatu niweke popote unapotaka, lakini pale kwenye tangi iache akchueta.